Mabinti wa Selofehadi katika Vilima vya Taita

Mwaka 1957 jarida la wanaanthropolojia wa Marekani, American Anthropologist, lilichapisha makala ya Grace Harris kuhusu wake za Wataita. Yeye na mumewe Alfred walikuwa wameishi vilimani kwetu Taita, nchini Kenya, kati ya 1950 na 1952, wakihudhuria matambiko, wakiuliza na kuandika. Makala hiyo ilihusu saka. Mwanamke aliyeolewa, mzima wa afya, anaanza ghafla kutetemeka mabega. Kichwa kinayumba huku na huku, macho yamefumba, na mdomoni yanatoka maneno ambayo majirani wanasema ni ya lugha ya kigeni. Kinachomwanzishia huenda kikawa mlio wa motokaa, kiberiti kinachowashwa, harufu ya sigara, ndizi, au hata maji aliyoogea mumewe. Katika sehemu nyingine, aliandika Harris, wake wapatao nusu walikuwa wamewahi kupatwa.

Tiba yake inasema mengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mgonjwa alinyweshwa maji yaliyotumika kufua vazi la kiume. Au mume alilazimika kununua kile kilichotamaniwa, kitambaa au kitu kingine cha dukani. Au ngoma ilipigwa, na wanawake wakacheza wamevaa kofia za wanaume na kushika fimbo za wanaume. Wengine walisema waliponea kanisani. Harris hakuona wazimu hapo. Aliona kwamba shamba na mifugo vilikuwa vya mwanamume, na kwamba fedha zilikuja kwa mkono wa mwanamume aliyekwenda kufanya kazi Mombasa, Nairobi au kwenye mashamba ya mkonge. Mke alilima, akavuna, akapika na kulea, lakini hakuweza kuuza ng'ombe wala kumgawia mwanawe kipande cha ardhi. Katika saka alitamani hasa vile vitu vilivyompita mlangoni kila siku bila kuwa vyake.

Naithamini kazi hiyo. Bila Harris, nusu ya haya yangekuwa yamezikwa na wazee wetu. Hata hivyo kuna jambo linaloniuma kila niifunguapo makala yake. Wanawake wale hawakuisoma. Iliandikwa kwa Kiingereza, ikachapishwa ng'ambo, ikajadiliwa na maprofesa wa London na Chicago. Mwaka 1971 I. M. Lewis aliitumia katika kitabu chake mashuhuri kuhusu pepo na dini, na tangu hapo mke wa Kitaita anayetetemeka amekuwa mfano wa kufundishia vyuoni duniani kote. Binti yake aliyebaki vilimani, Mgange au Wusi, hakupata nafasi ya kusema: mama yangu hakumaanisha hivyo, alimaanisha hivi. Na kichwa cha makala hiyo, japo kwa alama za kunukuu, kiliyaita mambo yao histeria.

Ugonjwa huo ulikuwa umebandikwa mwanamke mwingine miaka sabini na kitu kabla, mbali sana na vilima vyetu. Mwaka 1880 huko Vienna, msichana wa Kiyahudi wa miaka 21, Bertha Pappenheim, alikuwa akimuuguza baba yake usiku kucha. Familia yake ilikuwa tajiri na ya kushika dini. Shule alikuwa ameachishwa akiwa na miaka 16, wakati mdogo wake wa kiume akiendelea hadi chuo kikuu. Wakati wa kumuuguza baba, mkono ulimpooza, akashindwa kunywa maji, na kuna nyakati Kijerumani, lugha ya kwao, kilimtoka kabisa akawa anazungumza Kiingereza tu. Daktari Josef Breuer alipomtembelea jioni na kumwacha asimulie yaliyomo moyoni, alipata nafuu. Ni Bertha mwenyewe aliyeyapa mazungumzo yale jina la tiba ya kuzungumza, ambalo wataalamu wa nafsi wanalitumia hadi leo. Mwaka 1895 Breuer na Sigmund Freud walimchapisha kitabuni kama mgonjwa wa histeria, kwa jina la kubuni: Anna O.

Binti wa Vienna aliyenyimwa shule alitoa maneno ya kigeni katika hali isiyo ya kawaida, na mke wa Taita aliyenyimwa shamba alifanya vivyo hivyo. Sidai kwamba ni ugonjwa mmoja. Nasema wote wawili walikuwa na jambo la kusema katika nyumba ambamo halikuwa na mahali pa kusemewa, na wote wawili waliandikwa na mtu mwingine. Tofauti ni yale yaliyofuata.

Pappenheim alihamia Frankfurt mwaka 1888 na kuanza kuandika. Mwaka 1895, mwaka uleule ambao wanaume wawili walimchapisha kama mgonjwa, yeye alishika uongozi wa nyumba ya mayatima wa kike wa Kiyahudi. Mwaka 1899 alitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Mary Wollstonecraft cha kutetea haki za wanawake, ambacho kilikuwa kimetimiza zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1904 akaanzisha Jüdischer Frauenbund, umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, ambao baadaye ulifikia wanachama wapatao 50,000. Alisafiri Ulaya Mashariki na Mashariki ya Kati akifuatilia biashara ya wasichana waliouzwa kwenye madanguro, tena hakusita kusema hadharani kwamba miongoni mwa wauzaji walikuwamo Wayahudi wenzake. Wazee wa jumuiya walimsihi anyamaze ili maadui wasipate la kusema. Hakunyamaza. Mwaka 1907 alifungua Neu-Isenburg, karibu na Frankfurt, nyumba ya kuwapokea wasichana waliozaa kabla ya ndoa na watoto wao, watu ambao kila mlango mwingine ulikuwa umefungwa mbele yao.

Katika kazi zake zote, ninayoipenda zaidi ni ya 1910. Alitafsiri kumbukumbu za Glückel wa Hameln, mjane wa Kiyahudi aliyezaliwa Hamburg mwaka 1646, mfanyabiashara wa lulu na vito, mama wa watoto kumi na wawili waliofikia utu uzima. Glückel alianza kuandika kwa Kiyidi baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1689, akiwaandikia wanawe ili wajue walikotoka. Pappenheim alikuwa na undugu wa mbali naye, na aliwahi kuvaa mavazi ya zama zile achorwe picha kama Glückel mwenyewe. Baadaye alitafsiri pia sehemu ya Tsenerene, kitabu cha Kiyidi ambacho kwa karne nyingi wanawake wa Kiyahudi walikisoma nyumbani siku ya Sabato, kwa kuwa Kiebrania cha wasomi walikuwa hawakufundishwa. Mwanamke aliyeandikwa na madaktari aligeuka, akawatafuta bibi zake vitabuni, akawarudishia sauti ili mabinti zao wawasome na kubishana nao. Kwangu huo ndio moyo wa harakati za wanawake wa Kiyahudi: kizazi kimoja kinaacha maandishi, kinachofuata kinajibu.

Wakati mwingine mnyororo hukatika. Regina Jonas wa Berlin alipewa cheo cha rabi mwezi Desemba 1935, mwanamke wa kwanza kukipata. Alihubiri, akafundisha, akawafariji wafungwa katika kambi ya Theresienstadt, na mwaka 1944 akauawa Auschwitz. Sally Priesand alipokuwa rabi huko Marekani mwaka 1972, magazeti yalimtangaza kuwa wa kwanza. Nyaraka za Jonas zilikuwa katika hifadhi moja ya Berlin Mashariki, na hazikufunguliwa hadi baada ya ukuta kuanguka. Pappenheim alifariki mwaka 1936, kabla ya mabaya zaidi. Neu-Isenburg ilivamiwa na kuchomwa Novemba 1938, ikafungwa mwaka 1942, na waliokuwa wamebaki mle wakapelekwa kambini.

Sasa turudi vilimani, maana isije ikadhaniwa kwamba Wataita walihitaji kufundishwa na Vienna kuwa neno lililofungiwa moyoni hudhuru. Hilo walilijua. Kitabu kikubwa cha Harris, Casting Out Anger, kilichotoka mwaka 1978, kinahusu jambo hilohilo. Katika dini ya zamani ya Wataita, hasira ya mtu mwenye haki inaweza kumwuguza mtoto au kuharibu mavuno hata kama mwenyewe hajafungua kinywa. Aliyekasirika huombwa afanye tambiko la kutasa: anachukua maji au pombe ya miwa kinywani, anayapuliza kwa matone, na kutamka kwamba kinyongo kimemtoka na mgonjwa apone. Mama aliyeudhiwa na mwanawe huombwa vivyo hivyo. Hasira ya mwanamke ilikuwa na nguvu iliyoogopwa. Lakini utaratibu ulimtaka aitoe hasira, amsamehe aliyemkosea, maisha yaendelee. Kilichomkasirisha hakikuwa lazima kiondoke. Kama kisa kilikuwa ardhi, ardhi ilibaki ilipo.

Na Biblia iliingia vilimani mapema. Mmishonari J. A. Wray wa CMS, chama cha wamishonari wa Kianglikana, alifika Sagalla mwaka 1883, akapokewa kwa shaka, akakaa, na mwaka 1894 akatoa kijitabu cha utangulizi wa lugha ya Kitaita. Wakatoliki walifungua misheni ya Bura mwaka 1892. Reli ikapita Voi, chini ya vilima, miaka michache baadaye. Wasichana wa kwanza waliojifunza kusoma vilimani walisoma Biblia, na sehemu iliyo kubwa zaidi ya Biblia ni kitabu cha Wayahudi. Miriamu na Debora, Hana akinong'ona hekaluni mpaka kuhani akadhani amelewa, Ruthu na mkwewe: hao wakawa majina ya ubatizo ya bibi zetu.

Humo pia, katika Hesabu sura ya 27, kuna mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao amekufa jangwani bila mtoto wa kiume. Ardhi inakaribia kugawanywa, na mgawo unakwenda kwa wanaume. Mabinti hawa hawatetemeki, wala hawasubiri mtu awasemee. Wanakwenda kusimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote. Wanajenga hoja. Baba yetu hakuwa miongoni mwa walioasi, alikufa kwa dhambi yake mwenyewe. Kwa nini jina lake lifutwe eti kwa sababu hakuzaa mwana? Tupeni urithi pamoja na ndugu za baba yetu. Musa hana jibu. Anaipeleka kesi kwa Mungu, na jibu linakuja kwamba mabinti wanasema kweli, wapewe, na iwe sheria kwa wengine. Ni mojawapo ya mahali pachache katika Torati ambapo sheria inabadilishwa kwa sababu walioumizwa nayo walisimama wakaisema kasoro yake. Marabi wa kale, ambao hawakuwa na desturi ya kuwasifu wanawake kwa elimu, waliandika katika Talmud, mkusanyo wa mafundisho yao, kwamba watano hao walikuwa wenye hekima, wenye kujua kufasiri sheria, na wacha Mungu.

Kisa hakiishii hapo. Katika sura ya 36 wazee wa ukoo wao wanarudi kwa Musa na lalamiko: wasichana hawa wakiolewa kabila lingine, ardhi yetu itahama nao. Amri inatoka kwamba waolewe ndani ya kabila la baba yao, na wote watano wanaolewa na wana wa ndugu za baba yao. Yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha urithi Wundanyi, Mwatate au Taveta ameisikia hoja hiyo, tena kwa sauti ileile: msichana ataolewa, shamba litakwenda kwa watu. Nimemsikia mzee wa kanisa akiinukuu sura ya 36 kwa moyo, ya 27 akiwa ameiruka.

Kwetu shida ya ardhi ina mzizi mwingine usiopaswa kusahaulika, maana si haki kuwalaumu kaka peke yao. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, Serikali ya kikoloni ilichukua malisho na mawindo ya vizazi, na leo takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti iko ndani ya hifadhi. Bonde lenye rutuba na tambarare za Voi, Mwatate na Taveta ziligeuzwa mashamba ya mkonge. Wenyeji wakabanwa vilimani kwenye vishamba vya mteremko ambavyo kila kizazi kimevikata vipande vidogo zaidi. Mwana wa kiume mwenyewe anapata kamba mbili tatu za shamba, na binti anaambiwa hakuna kilichobaki. Ndani ya uhaba huo ndimo saka ilimostawi.

Tume ya Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, nayo ilipita Voi kwa treni, na haikushuka. Mwaka 1903 Uingereza ilikuwa imekipa chama cha Kizayuni ahadi ya ardhi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, na mkutano wa Basel ukapiga kura 295 dhidi ya 178 ukubali angalau kutuma wakaguzi. Wanawake walikuwa na haki ya kupiga kura katika mikutano hiyo tangu 1898, miaka mingi kabla ya mabunge mengi ya Ulaya. Lakini tume iliyotumwa ilikuwa ya wanaume watatu. Walishuka Mombasa Januari 1905, wakapanda treni, wakapita katika nyika ya Voi hadi Nakuru, kisha wakaenda kwa miguu Uasin Gishu. Katikati ya mwaka huo mpango ukakataliwa. Wamaasai na Wanandi, wenye ardhi, hawakuulizwa na yeyote.

Miaka 33 baadaye Wayahudi waliopita walikuwa wakimbizi. Stefanie Zweig alikuwa na umri wa miaka mitano mwaka 1938 alipofika Kenya na mama yake kutoka Ujerumani, kumfuata baba aliyekuwa ametangulia kutafuta kazi shambani. Mwaka 1947 familia ilirudi Ujerumani na kukaa Frankfurt, mji uleule wa Pappenheim. Huko Zweig alikuwa mwandishi wa habari kwa miaka mingi, na mwaka 1995 akatoa riwaya ya maisha yao, Nirgendwo in Afrika. Filamu iliyotokana nayo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Wengi huikumbuka kwa Owuor, mpishi aliyemfundisha mtoto huyo lugha na desturi za mahali pale. Mimi namkumbuka zaidi mama, mwanamke wa mjini aliyelelewa kuwa mke wa wakili, ambaye shambani alilazimika kujifunza kila kitu upya. Binti aliandika akiwa na zaidi ya miaka sitini, na alimwandika mama bila kumpamba.

Kisha ukaja mwaka 1985. Mwezi Julai Nairobi ilipokea mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Wajumbe wa serikali walikutana katika ukumbi wa KICC chini ya uenyekiti wa Margaret Kenyatta, na mashirika yasiyo ya serikali yakafanya kongamano lao Chuo Kikuu cha Nairobi, likiongozwa na Dame Nita Barrow wa Barbados, huku Eddah Gachukia akisimamia maandalizi kwa upande wa Kenya. Waliohudhuria kongamano walipita 12,000. Basi zilitoka kila pembe ya nchi zikiwa zimejaa wanawake wa vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, wenye leso, vyondo na watoto mgongoni. Wengi wa kutoka Pwani walipita Voi.

Miongoni mwa wageni kutoka Marekani walikuwamo wanawake wawili wa Kiyahudi ambao majina yao yalikuwa yametangulia. Bella Abzug, wakili na aliyewahi kuwa mbunge wa New York, alifiwa na baba akiwa na miaka kama 13. Sala ya kumwombea marehemu ilikuwa kazi ya mwana wa kiume, na baba hakuwa na mwana. Bella alikwenda sinagogi kila asubuhi mwaka mzima akaisema mwenyewe, na wanaume wakamtazama. Mwenyewe alisimulia kwamba hapo ndipo alipojifunza kusimama na kusema. Betty Friedan naye alikuwa mwandishi wa The Feminine Mystique, kitabu cha 1963 kilichoeleza uchungu wa wake wa Kimarekani wenye nyumba nzuri na maisha matupu. Chanzo cha kitabu kile, alisema, ni mama yake Miriam, aliyekuwa mhariri wa ukurasa wa wanawake katika gazeti la Peoria na kuacha kazi alipoolewa, kisha hasira yake ikawaangukia watu wa nyumbani. Hapo tena: mama asiye na pa kusemea, na binti aliyeketi akaandika.

Friedan alikuwa na miaka 64 alipofika Nairobi. Kila siku wakati wa mchana aliketi chini ya mti katika uwanja wa chuo, na yeyote aliyetaka alikuja kukaa nyasini wabishane. Walikuja Wahindi, Wakenya, Wabrazili na Waarabu. Wengi hawakuwa wameona kitabu chake, na waliokisoma walikuwa na maswali magumu. Mke mwenye nyumba ya vyumba saba asiyejua afanye nini na siku yake ana nini cha kumwambia mwanamke wa Taita anayeteka maji kilomita tatu na kulima shamba lisiloandikwa jina lake? Swali hilo, kwa namna nyingi, ndilo lililotawala Nairobi. Nadhani ni la haki. Nadhani pia kwamba jibu limo katika makala ya 1957: wote wawili waliugua kwa kuishi ndani ya mali isiyo yao.

Kulikuwa pia na mzozo uliowahusu Wayahudi moja kwa moja. Mkutano wa kwanza, Mexico mwaka 1975, na wa pili, Copenhagen mwaka 1980, ilikuwa imepitisha maandishi yaliyouweka Uzayuni katika orodha moja na ubaguzi wa rangi. Wanawake wengi wa Kiyahudi waliondoka Copenhagen wakiwa wameumia, na mwaka 1982 Letty Cottin Pogrebin alichapisha katika jarida la Ms. makala ndefu kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi ndani ya harakati za wanawake. Wanawake wa Kipalestina nao walikuwa na vifo, kambi na ardhi iliyopotea, na hawakukubali kunyamazishwa. Nairobi ilikaribia kuvunjika kwa jambo hilo. Siku za mwisho Kenya, ikiwa mwenyeji, ilipendekeza neno Uzayuni liondolewe na badala yake itajwe kila aina nyingine ya ubaguzi wa rangi. Maandishi yakapita kwa kauli moja, yakaitwa Mikakati ya Nairobi. Nje, chuoni, lilikuwapo hema la amani ambamo wanawake wa Kiisraeli na wa Kipalestina walikaa wakaambiana usoni yale ambayo serikali zao hazikuambiana. Hawakupatana. Lakini walizungumza, siku baada ya siku, mbele ya watu.

Kipindi hichohicho, katika madarasa ya dini, mabinti wa Kiyahudi walikuwa wakiirudia Torati yenyewe. Judith Plaskow alitoa kitabu chake Standing Again at Sinai mwaka 1990. Alianzia mahali palipomchoma: katika Kutoka sura ya 19, siku tatu kabla ya Mungu kushuka Sinai, Musa anawaambia watu wasimkaribie mwanamke. Ni nani hao watu, aliuliza Plaskow, ikiwa wanawake si sehemu yao? Wenzake walimjibu, wengine wakimuunga mkono, wengine wakisema amekwenda mbali. Leo mabinti wao wanawajibu wote.

Uganda mambo haya yamefika kwa njia yake. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyeacha Ukristo wa wakoloni, aliisoma Biblia peke yake, akashika Torati na kuanzisha jumuiya ya Abayudaya karibu na Mbale, mji wa Uganda unaofanana jina na Mbale yetu ya Taita. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, wakaificha, wakabaki wachache. Shoshana Nambi alizaliwa katika jumuiya hiyo, akalelewa akisikia hadithi za bibi yake, akaenda New York kusomea urabi katika Hebrew Union College, na mwaka 2022 akachapisha kitabu cha watoto kuhusu sikukuu ya vibanda kijijini kwao. Mtoto wa Kiafrika sasa anaweza kufungua kitabu cha Kiyahudi akakuta migomba na udongo mwekundu, na aliyekiandika ni mwanamke aliyezaliwa humo.

Vilimani kwetu mazungumzo ya mama na binti yamebadilisha mambo ambayo hakuna kitabu kilichoyagusa. Ukeketaji wa Taita ulifanywa kwa watoto wachanga, siku chache baada ya kuzaliwa, ili msichana akue bila kukumbuka. Mama peke yake ndiye angeweza kumwambia. Takwimu za taifa za mwaka 2003 zilionyesha kwamba asilimia 62 hivi ya wanawake wa Taita na Taveta walikuwa wamekeketwa, mwaka 2008 na 2009 asilimia 32, na mwaka 2014 asilimia 22. Sheria mahususi ya kuukataza ilikuja mwaka 2011, wakati idadi ilikuwa imeshaanza kushuka. Kuna maelfu ya akina mama walioamua kusema, na kuna mabinti walioamua kwamba kwao yaishe. Hakuna aliyeyaandika mazungumzo yao, na nasikitika sana, maana wasemaji wa kwanza wanazeeka.

Kuhusu ardhi, sheria iko. Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na inampa binti fungu sawa na mwana. Wilaya chache za wafugaji, kama Turkana, Narok na Tana River, ziliondolewa kwa ardhi ya kilimo na mifugo. Taita-Taveta haimo katika orodha hiyo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani katika kesi ya Rono iliamua kwamba mila haiwezi kutumiwa kuwapunja mabinti, na kifungu cha 60 cha Katiba ya 2010 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zote zinazohusu ardhi. Hakuna sharti kwamba binti aolewe Sagalla ili arithi Sagalla. Marabi nao walikwisha kulishughulikia hilo zamani: Talmud inaeleza kwamba amri ya sura ya 36 ilikifunga kizazi kile tu, na siku makabila yaliporuhusiwa kuoana ikawa sikukuu, tarehe 15 ya mwezi wa Av, wasichana wakitoka kucheza katika mashamba ya mizabibu.

Kwa hiyo binti wa Mwatate aliyeolewa Makueni, baba yake akifariki, ana kazi ya kufanya mapema. Mahakama huomba barua ya chifu inayowataja warithi wote wa marehemu, na jina la binti hupotea hapo kuliko mahali pengine popote. Akaiombe barua hiyo aisome. Maombi ya mirathi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30 kulipeleka mahakamani. Voi kuna mahakama, na Wundanyi na Taveta pia. Asiyejua kusoma Kiingereza cha fomu aende na mjukuu wake.